Pimeni Kabla ya Mahari, Si Kabla ya Pete

Msimu wa harusi ukifika Kakamega, hasa Agosti na Desemba, watoto wakiwa likizoni na ndugu wa Nairobi wamerudi nyumbani, swali moja huzuka karibu katika kila kamati: maharusi wamepima virusi vya Ukimwi? Huzuka kanisani pasta anapotaja karatasi ya hospitali miongoni mwa vitu vya kuleta. Huzuka jikoni mama wa binti anapomvuta kando dada ya bwana arusi. Upande mmoja hushikilia kwamba bila cheti hakuna ndoa, kwa sababu mzazi hawezi kumwoza mtoto wake gizani. Upande wa pili hujibu kwamba damu ni ya mtu mwenyewe, na hakuna mzee wala mchungaji aliyepewa ruhusa ya kuisoma.

Mimi naona pande zote mbili zinagombania karatasi isiyostahili kugombaniwa. Ushauri wangu ni huu, na mengine yote ni maelezo yake: pimeni, tena pimeni nyote wawili, lakini pimeni mapema, kabla wazee hawajakaa kuzungumzia ng'ombe wa mahari, na majibu yawe yenu. Cheti cha wiki ya mwisho, kinachopelekwa kwa pasta pamoja na kopi za vitambulisho, huwa kimechelewa. Hakimlindi mtu, na mara nyingi humuumiza asiye na kosa.

Waliodai cheti hawakuwa wabaya

Tuwatendee haki kwanza. Kenya ilirekodi mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi mwaka 1984. Ilichukua miaka 15 hadi Rais Daniel arap Moi alipotangaza, Novemba 1999, kwamba ugonjwa huo ni janga la kitaifa. Katika miaka hiyo dawa za ARV hazikuwa za mtu wa kawaida. Wachungaji wa Magharibi mwa Kenya walizika vijana waliokuwa wamewafungisha ndoa juzi tu, na akina kukhu, yaani bibi zetu, wakaachiwa wajukuu wa kulea upya uzeeni. Pasta aliyeanza kudai cheti alikuwa anajaribu kuzuia kaburi jingine kwa njia pekee aliyoiona.

Hali ya leo ni nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kati ya kila Wakenya watano waliokuwa na virusi, wanne hivi hawakujua. Uchunguzi wa 2018 ulipata kwamba karibu wanane kati ya kumi walijua hali yao. Tangu 2016 kila anayepatikana na virusi nchini huanzishiwa dawa bila kungoja adhoofike, na dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za umma. Anayezimeza ipasavyo hulima, hufundisha, huendesha bodaboda, huzaa na kuona wajukuu. Kwa hivyo sharti lililowekwa ili kuwazuia watu wasioane limepoteza sababu yake. Sababu ya kujua hali zenu, hiyo bado ipo, na ni nzito kuliko zamani, maana siku hizi anayejua ana la kufanya.

Sheria inaruhusu nini, inakataza nini

Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya Ukimwi mwaka 2006. Kifungu cha 13 kinakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kupimwa, na ndoa imetajwa humo waziwazi, sambamba na kazi, shule, safari, bima na matibabu. Kifungu cha 22 kinakataza kutoa habari za majibu ya mtu bila idhini yake ya maandishi. Sheria hiyo hiyo iliunda mahakama maalum ya kusikiliza malalamiko ya watu waliotendewa visivyo kwa sababu ya virusi. Nayo Sheria ya Ndoa ya 2014, inayotambua ndoa za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, haidai kipimo hiki kwa ndoa yoyote kati ya hizo tano.

Maana yake ni kwamba kiongozi wa dini anaweza kuwashauri, kuwasihi na hata kuwapa nauli ya kwenda kliniki. Hawezi kukifanya cheti kuwa mlango wa kanisa. Mkwe hawezi, na mwenyekiti wa kamati hawezi.

Mkikuta sharti hilo, hakuna haja ya kugombana na mtu mnayemheshimu. Mwambieni hivi: "Pasta, tumepima sote wawili na tumekaa na mshauri. Majibu tumeamua yabaki kwetu. Tunaomba utufundishe mengine na utuombee." Wengi wataelewa. Asiyeelewa, mwonyesheni kwa upole kwamba sheria ya nchi imelizungumzia jambo hilo.

Lakini wapo wanaoisoma sheria hii kombo. Wanadhani kwa kuwa hakuna anayeweza kukulazimisha, basi una ruhusa ya kumficha mwenzako. Ni kweli kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 24, kilichomtaka mwenye virusi kumjulisha kila anayeshiriki naye ngono, kwa kuwa kiliandikwa kwa maneno yasiyoeleweka vizuri. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 26, bado inamwadhibu anayejua hali yake na kumwambukiza mwenzake kwa makusudi, na kifungo chake hakipungui miaka 15. Tena uacheni upande wa jela. Ndoa iliyoanza kwa siri ya aina hii hubomoka siku chupa ya vidonge inapookotwa chini ya godoro.

Vilevile sheria haimkatazi mchumba kumwomba mchumba. Kusema "ningependa tupime kabla hatujaenda mbali" ni ombi. Yeye ana haki ya kukataa, nawe una haki ya kusitisha uchumba. Hakuna aliyelazimishwa hapo.

Kwa nini cheti cha wiki ya mwisho hakisaidii

La kwanza ni jinsi tunavyooana hapa kwetu. Tusidanganyane: nyumba nyingi za Kakamega hazianzi na harusi. Kijana anamleta msichana jioni, asubuhi mama anamkuta mgeni anafagia uwanja, na maisha yanaanza. Mahari hufuata baadaye, pengine baada ya mtoto wa pili. Kanisani wanafika mtoto wa kwanza akiwa mkubwa wa kubeba maua ya bibi arusi. Sasa pasta akidai cheti wiki hiyo, anamlinda nani na nini? Virusi havingoji matangazo ya ndoa ya Jumapili tatu.

La pili, kipimo husema habari za jana, hakisemi za kesho. Aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kuonekana hana virusi, kwa sababu mwili huchukua wiki tatu hadi miezi mitatu kutengeneza kinga inayoonekana kwenye vipimo vya haraka. Anayepimwa Jumatatu akakesha pabaya Ijumaa ataingia kanisani Jumamosi akiwa na cheti safi mfukoni.

La tatu, karatasi hughushiwa. Muhuri si kitu kigumu kutengeneza, na mtu anaweza kumtuma ndugu yake apimwe kwa jina lake. Kadiri sharti linavyokazwa, ndivyo biashara ya vyeti inavyonoga.

La nne ndilo linalonisumbua zaidi. Tuseme majibu yametoka siku kumi kabla ya harusi. Kundi la WhatsApp la michango limekwisha kutuma fedha kwa mweka hazina, sare zimeshonwa, fahali wa kuchinjwa yuko zizini. Harusi inavunjwa ghafla, bila maelezo. Hapo hakuna haja ya mtu kutamka neno: kuanzia Shinyalu hadi Khayega watu watajumlisha wenyewe, na hesabu yao mara nyingi humwangukia msichana, hata kama majibu yake yeye yalikuwa mazuri. Lile lililokusudiwa kuwa siri ya watu wawili linakuwa hadithi ya soko zima.

Wenzetu wa mbali walilijaribu jambo hili kwa nguvu za serikali. Jimbo la Illinois nchini Marekani lilianza mwaka 1988 kumtaka kila anayetafuta leseni ya ndoa apimwe virusi vya Ukimwi kwanza. Katika miezi sita ya mwanzo walipatikana watu 8 tu kati ya zaidi ya 70,000. Maombi ya leseni yalipungua kwa zaidi ya moja kwa tano, kwa kuwa wachumba walivuka mpaka wakaoana majimbo ya jirani. Mwaka 1989 sheria hiyo ikafutwa. Hapa kwetu mpaka wa kuvuka ni mfupi zaidi: kanisa likikaza sharti, vijana watahamia kanisa la ng'ambo ya barabara, au wataendelea kuishi pamoja bila kumhusisha pasta wala mzee yeyote. Tutakuwa tumewapoteza wale hasa tuliotaka kuwasaidia.

Wakati wa kulizungumza

Wakati mzuri ni kabla ya wazee kusafiri kwenda ukweni. Kwa nini niweke mpaka hapo? Kwa sababu hadi siku hiyo uchumba ni wa watu wawili. Ng'ombe wakishafika, uchumba ni wa koo mbili. Baba wa binti pengine ameshauza mmoja akalipia karo ya chuo ya mdogo wake, na mwingine amekwisha kutolewa kwa mahari ya kaka yake. Ukitaka kurudi nyuma wakati huo, hurudi peke yako. Unaburuta ukoo mzima, na kila mzee atataka kujua sababu. Kabla ya hapo mnaweza kwenda mbele au kuachana kwa amani, na hakuna anayewadai maelezo.

Kama tayari mnaishi pamoja, wakati wenu ni sasa. Msingoje harusi iwape kisingizio.

Namna ya kuanza pia ina maana. Usianze na uvumi uliousikia sokoni, wala usianze na mtihani. Anza na nafsi yako: "Jumamosi nitaenda kupima. Ningefurahi twende wote, tuanze safari hii tukijuana." Akijibu, "Kumbe huniamini?" usigombe. Mwambie, "Nakuamini, ndiyo maana nimekueleza jambo ambalo hata mimi linanitia woga."

Hapa ndipo senge, yaani shangazi, ana kazi yake. Binti anaweza kushindwa kumkabili mchumba wake, lakini shangazi yake akamwita kijana jioni moja, akampa chai na kumwambia: "Mwanangu, sisi hatutaki karatasi yako. Tunataka wewe na huyu mjuane kabla ya sisi kujuana na wazazi wako. Nendeni kliniki, na mkirudi msiniambie kitu." Maneno hayo yana uzito kuliko amri ya kamati, kwa sababu yanamwachia kijana heshima yake.

Mwenzako akikataa mara ya kwanza, yaelekea ni woga. Mpe nafasi. Mnaweza kukubaliana kila mmoja apime kivyake kwanza, halafu mwende pamoja. Akikataa tena na tena kwa miezi, hilo nalo ni jibu: msiruhusu mazungumzo ya mahari yaendelee. Na kama ombi la kupima linaletea matusi, vitisho au kipigo, piga simu nambari 1195, ambayo hailipishwi, uzungumze na wanaosaidia waliodhulumiwa. Mtu anayekupiga kwa kuombwa kupima amekwisha kukuonyesha ndoa yake itakuwaje.

Mkifika kliniki

Kipimo hakilipishwi katika vituo vya umma: hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega, hospitali za Malava, Butere na Lumakanda, na vituo vya afya vilivyo karibu nanyi. Mumias kuna hospitali ya misheni ya St. Mary's. Tangu mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki nyingi zilizokuwa za wenye virusi pekee zilianza kuunganishwa na huduma za kawaida. Kwa hiyo ulizeni mapokezi chumba cha kupimia kiko wapi siku hizi, msifuate kibao cha zamani. Mkiogopa kuonana na jirani kwenye foleni, pandeni matatu mwende Kisumu au Eldoret. Nauli hiyo si hasara.

Mwambieni mshauri mapema kwamba mmekuja kama wachumba. Atauliza kama kila mmoja amekuja kwa hiari, na kama mnakubali kupokea majibu pamoja. Mna haki ya kusema hapana. Akiona mmoja anasitasita, atazungumza naye peke yake. Kisha huja sindano ndogo kwenye ncha ya kidole, tone la damu kwenye kipimo, na kungoja dakika 15 hadi 20. Hizo ndizo ndefu. Mshauri mzuri hazipotezi kwa kuwatazama usoni. Huwauliza mtafanya nini majibu yakiwa hivi au vile. Jibuni kwa dhati, kwa sababu swali hilo ndilo nusu ya safari yenu.

Mstari mmoja wa ziada kwenye kipimo cha kwanza haumalizi maneno. Damu hupimwa tena kwa vipimo vya aina nyingine, na mtu hurudiwa kupimwa kabla ya kuanza dawa. Asiwepo wa kukimbia nje ya chumba kwa kuona kipimo kimoja.

Wapo watakaopenda kujipima nyumbani. Vifaa vya kujipima vimekuwepo nchini tangu 2017, na kinachojulikana zaidi hutumia majimaji ya kwenye ufizi. Vinasaidia kuvunja woga wa mara ya kwanza. Zingatieni mambo matatu. Jibu la kuwa na virusi lazima lithibitishwe kliniki. Mtu ambaye tayari anatumia ARV au dawa za kinga za PrEP asivitegemee, maana vinaweza kumdanganya. Na msipige picha ya kipimo mkaitumiana kwa simu. Picha ya leo ya mapenzi ni silaha ya kesho mkikosana.

Majibu matatu, mipango mitatu

*Wote wawili hamna virusi.* Furahini, halafu mrudi kupima tena baada ya miezi mitatu, mkitumia kondomu katikati. Jibu hili si chanjo. Kama mmoja atafanya kazi Nairobi au Mombasa na mwingine abaki kijijini, zungumzeni sasa kuhusu miezi ya kutengana: mtatembeleana lini, na mkirudiana mtapima lini. Mazungumzo haya ni magumu, lakini ni rahisi leo kuliko baada ya kosa.

*Mmoja ana virusi, mwingine hana.* Hili hushtua wengi, lakini ni jambo la kawaida sana, hata kwa watu walioishi pamoja miaka mingi. Halina maana kwamba mashine imekosea au kwamba mmoja ana damu ya chuma. Wala kipimo hakionyeshi tarehe. Hakisemi virusi viliingia lini wala kwa njia gani. Kwa hiyo msifanye kikao cha kutafuta mkosaji.

Mnachopaswa kujua ni kwamba mnaweza kuoana. Utafiti mkubwa uliohusisha nchi tisa, Kenya ikiwemo kupitia Kisumu, ulitangaza mwaka 2011 kwamba kuanza ARV mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata, zilizofanywa Ulaya, zilichunguza wapenzi ambao mmoja alikuwa na virusi vilivyodhibitiwa kwa dawa hadi visionekane kwenye kipimo. Hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Sharti ni vidonge kila siku bila kuruka, na kupima kiwango cha virusi kama daktari atakavyopanga. Hadi kiwango hicho kishuke, tumieni kondomu, na asiye na virusi aulizie PrEP. Dawa hizo zilijaribiwa kwa jozi zaidi ya 4,700 za wapenzi wa Kenya na Uganda wenye hali tofauti kama yenu, zikafaulu, na serikali ilizizindua nchini mwaka 2017.

Na watoto je? Mama mwenye virusi asiyepata matibabu anaweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45, kuanzia mimba hadi kunyonyesha. Akitumia dawa ipasavyo, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Kukhu atapata mjukuu mzima.

Mnaweza pia kuamua kutooana. Hilo nalo ni haki, mradi lisifanywe siku hiyo hiyo wala kwa matusi. Jipeni wiki kadhaa, mrudi kwa mshauri, kisha muamue. Mkiachana, mwenye kuulizwa ajibu sentensi moja: "Tumeona hatutaendelea." Anayekwenda kutangaza hali ya mwenzake amevunja sheria na ameuvunja utu wake.

*Wote wawili mna virusi.* Anzeni dawa wote, kila mmoja kwa jina lake na kwa kadi yake. Msigawane vidonge. Wapo wanandoa ambao mke huenda kliniki na mume hula nusu ya chupa yake kwa kuona haya. Mwishowe dawa huwashinda wote wawili. Na yeyote atakayewaambia muache vidonge kwa kuwa mmeombewa, mwacheni yeye. Ombeni, na vidonge viendelee.

Ndoa ya pili, na mjane

Mjadala huu kwa kawaida huwahusu vijana, kana kwamba wazee hawaoani. Ndoa za kimila na za Kiislamu zinamruhusu mwanamume kuoa mke wa pili, na Kakamega wapo wengi wa aina hiyo. Anayetaka kuongeza mke asimpeleke kliniki mchumba mpya peke yake. Mke wa kwanza naye yumo katika hesabu hii, na ana haki ya kujua kinachoingia nyumbani kwake. Waende wote, na kila mmoja apokee majibu kwa hiari yake.

Mjane naye asisukumwe kurithiwa na ndugu wa marehemu mumewe. Ndoa isiyo na ridhaa haina nguvu kisheria, iwe imepambwa kwa mila gani. Akikubali mwenyewe kuwa na shemeji, wapime kama wachumba wengine wowote. Akikataa, mila isitumiwe kumwingiza katika hatari, wala shamba la marehemu lisiwe fimbo ya kumtishia.

Mkiwa pale, pimeni na mengine

Nashangaa tunavyopigana juu ya kipimo kimoja na kusahau kingine kinachotuhusu sana Magharibi mwa Kenya: selimundu. Malaria imekaa nasi vizazi na vizazi, na ndiyo sababu wengi hapa wamebeba chembe ya urithi wa ugonjwa huo bila kuugua. Wawili waliobeba wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Kujua mapema hakuwazuii kuoana. Kunawafanya mumpime mtoto akizaliwa na kumwanzishia matibabu kabla ya maumivu ya kwanza. Pimeni pia kaswende, ambayo hutibika, na homa ya ini aina ya B, ambayo ina chanjo kwa asiye nayo. Mwanamke ajue kundi lake la damu, hasa kama ni la aina hasi, kwa sababu ya mimba zijazo.

Kuna faida nyingine hapa. Wachumba wakienda kupima afya kwa jumla, mlango wa chumba cha kupimia virusi hauonekani tena kuwa wa aibu.

Kwenu viongozi na wazazi

Wachungaji, mapadri, maimamu wa Mumias na kwingineko: ondoeni cheti kwenye orodha, mweke mafunzo. Miezi sita kabla ya harusi, mwiteni mshauri wa kliniki aje azungumze na wachumba wote kwa pamoja, halafu awape nafasi ya kupima bila kumwandikia mtu yeyote majibu. Msiulize. Mkiletewa karatasi, irudisheni bila kuisoma. Na mkipata wenye virusi wanaotaka kuoana, wafungisheni ndoa kwa nyimbo zile zile na vigelegele vile vile.

Wazazi, swali lenu kwa mtoto liwe, "Mmezungumza kuhusu afya zenu?" Likijibiwa ndiyo, nyamazeni. Mtoto anayejua kwamba hataulizwa majibu ndiye atakayekwenda kupima.

Nanyi mlio kwenye uchumba hivi sasa, msingoje mtu awadai kitu. Chagueni siku kabla wazee hawajachagua yao, mwende wawili, mngoje pamoja hizo dakika 20, na lolote litakaloonekana mlipange nyinyi wenyewe. Mkishajua, mahari na pete vitafuata kwa wakati wake.